Anakaribia Matarajio

Ujumbe uliingia saa tatu kasorobo usiku, wakati ambapo mtu mwenye heshima zake ameshavua viatu na anasubiri ugali. Ulitoka kwenye kundi la WhatsApp la wazazi wa Gredi ya 2. "Wazazi wapendwa, kesho kila mtoto aje na mpira uliotengenezwa nyumbani kwa vifaa vinavyopatikana katika mazingira. Mzazi ashirikiane na mtoto. Mpige picha mkishirikiana." Papo hapo vidole gumba vikaanza kumiminika. Wanafiki! Kila aliyeweka kidole alikuwa anajua mtoto wake analala saa mbili, na kwamba anayekwenda kushirikiana usiku huo ni yeye na taa ya jikoni.

Binti yangu naye alikuwa amelala, mdomo wazi, hana kesi na mtu. Nilimtazama kwa wivu. Mwenye kazi ya ziada anakoroma, na mtu aliyefanya mtihani wake wa mwisho mwaka 1999 anatafuta mkasi.

Tuelewane kwanza: mimi mpira naujua. Mimi ni zao la 8-4-4, mfumo ulioanza mwaka 1985, nami nikaingia darasa la kwanza miaka mitatu baadaye. Mpira tulitengeneza wenyewe bila ujumbe wa mtu. Ulikusanya majuala, zile karatasi za plastiki, ukayafinyanga moja juu ya jingine hadi yakashika umbo, kisha ukayafunga kwa uzi wa kushonea magunia ya mahindi. Uzi huo babangu aliuhesabu kama noti. Kwa hiyo sehemu ya kwanza ya utengenezaji ilikuwa wizi, na sehemu ya mwisho ilikuwa kichapo. Katikati tulijifunza mengi sana, lakini hakuna aliyekuja na fomu kuyaandika.

Nikaenda kutafuta majuala. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba niko Kenya. Karatasi hizo zilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, na ukipatikana unazitengeneza au kuziuza, faini inaanzia shilingi milioni 2 hadi milioni 4, au jela isiyozidi miaka 4. Mtaala wa umilisi, hii CBC ya binti yangu, nao ukaenea nchi nzima kwa watoto wadogo Januari 2019. Piga hesabu. Serikali ilininyang'anya malighafi, ikangoja miezi 16, halafu ikaniagiza nilete bidhaa. Kuna wazazi waliochoka mapema. Wakili Esther Ang'awa alikwenda Mahakama Kuu kuupinga mtaala huo Septemba 2021. Mimi sikwenda mahakamani. Mimi nilikwenda kwa mama mboga.

Mama mboga wetu huku Langas, Eldoret, hufunga saa nne. Nilimwomba majani makavu ya mgomba, yale yanayofunika ndizi kutoka Kisii, ambayo kila asubuhi huyafagia hadi mtaroni.

"Ya CBC?" akauliza.

"Ya CBC."

"Hamsini."

"Mama, si unayatupa haya?"

"Asubuhi ndiyo natupa. Jioni nauza. Wewe ni wa tisa leo."

Nikalipa. Tangu mji wetu utawazwe kuwa jiji tarehe 15 Agosti 2024, hata takataka zimepandishwa cheo. Nyumbani nikayasokota majani, nikayavika soksi mbili zilizofiwa na wenzao, na juu nikafunga fulana ya kampeni, kitu pekee ambacho mheshimiwa fulani amewahi kunipa. Saa tano na nusu usiku nikawa na kitu cha mviringo kwa upande mmoja. Alfajiri binti yangu akakitazama.

"Baba, hii ni mpira ama ni nyumba ya ndege?"

Tukapiga picha. Yeye ana matongotongo, mimi natabasamu kama mtu aliyekamatwa, na mikono yetu yote minne iko juu ya mpira. Ushirikiano ndio huo.

Ningemaliza hapo nikaenda kazini, lakini ujumbe ulikuwa na mkia: Ijumaa wazazi wote waje darasani waone watoto wakijifunza kwa kucheza. Tuliokwenda tulikuwa sita, akina mama watano na mimi. Nikapewa kiti cha mtoto wa miaka saba. Magoti yakapanda hadi masikioni, na nikakaa hivyo saa nzima kama panzi mwenye mawazo.

Niliwahesabu: watoto 58, mwalimu mmoja. Ukutani kulikuwa na vifuniko vya soda vilivyotungwa kwenye waya kumi kumi. Pembeni kulikuwa na magunzi ya mahindi yaliyopakwa rangi kwa ajili ya kuhesabu, na huku Uasin Gishu magunzi hayaishi. Kwenye ratiba hakuna somo linaloitwa Hisabati. Kuna Shughuli za Hisabati. Kuna Shughuli za Mazingira. Kuna Shughuli za Ubunifu. Kila kitu ni shughuli, na ukiniuliza mimi nitakwambia mwenye shughuli ni nani.

Mwalimu ni msichana mdogo, sauti imekauka kama ya kondakta wa matatu ya Kitale. Akatueleza kwa upole kwamba mambo haya si mageni. Mjerumani mmoja, Friedrich Fröbel, aliyeiita shule yake bustani ya watoto mwaka 1840, alianza kwa kuwapa watoto mipira laini ya nyuzi za sufu. Nikaitikia kwa kichwa. Moyoni nilikuwa nasema: sisi tulikuwa na wa majuala, na aliyetukuta nao hakutuita Wajerumani, alituita watoro. Wakati wangu vijiti vya kuhesabia vilikuwa vya aina mbili: vyembamba alivileta mwanafunzi, kinene alikileta mwalimu, na vyote vilikuwa vifaa vya kufundishia. Viboko vilikuja kupigwa marufuku shuleni mwaka 2001, miaka miwili baada ya mimi kumaliza kidato cha nne. Mimi na bahati hatujawahi kusoma darasa moja.

Halafu likafunguliwa duka.

Madawati mawili, paketi tupu za unga, chumvi, majani ya chai na maziwa, pamoja na noti za kadibodi zilizoandikwa kwa kalamu nzito. Baadaye niligundua kwamba mwalimu alikuwa ameziokota paketi hizo jikoni kwake na kwa majirani, na kalamu ni pesa yake. Mwuza duka alikuwa kijana asiye na meno mawili ya mbele na asiye na haya hata kidogo. Mwalimu akanipa noti ya mia, akaniambia niwe mteja.

"Unga bei gani?"

"Themanini."

Nikafurahi. Kwa miaka mingi sijaona pakiti ya kilo mbili kwa themanini, na nilitamani kuagiza gunia zima. Nikamkabidhi mia.

"Sina chenji," akasema, huku akiiweka noti mfukoni. "Chukua switi."

"Sitaki switi. Nataka ishirini yangu."

"Basi lipa na simu."

Nikaletewa simu, yaani kiberiti kilichochorwa namba. Nikabonyeza.

"Nimetuma themanini."

Akatazama kiberiti chake. Akanitazama mimi. "Umetuma na ya kutoa?"

Darasa zima likaangua kicheko. Akina mama watano wakaangua kicheko. Huyu mtoto hajui saba mara saba, lakini anajua kwamba pesa ya simu bila ada ya kutoa ni pesa iliyokuja nusu. Nikamwambia sina zaidi. Akaniambia, bila kupepesa macho, nichukue Fuliza. Niwakumbushe tu kwamba mkopo wa Fuliza ulizinduliwa Januari 2019, mwezi ule ule mtaala huu ulipoenea madarasani. Sisemi kuna njama. Nasema watoto hawa wamekua na vyote viwili, na wameelewa kimoja haraka zaidi.

"Basi nitaandika deni," akasema. "Ishirini ya kutoa."

Nikageuka na pakiti yangu tupu nitoke. Mlangoni nikamkuta soja wa duka, amevaa kofia ya karatasi, mkono umenyooshwa. Ni binti yangu.

"Risiti."

"Mimi ni babako."

"Risiti, tafadhali."

Nilipokuwa nimekwama pale kati ya damu yangu na sheria za biashara, msichana mmoja aliyekuwa kwenye foleni, kamasi zinamtoka, akanivuta suruali. "Anko, amekuibia. Ulimpa mia, tena ukatuma themanini. Hiyo ni mia moja na themanini. Unga ni themanini. Akurudishie mia." Hakutumia kifuniko cha soda wala gunzi. Mimi, mwenye cheti cha taifa, nilikuwa bado natafuta ile ishirini.

Nikamwendea mwalimu. "Mwalimu, umeona?"

"Nimeona."

"Na hukumkanya?"

"Nimemwandika." Akanionyesha daftari. Katika mtaala huu hakuna nambari moja wala nambari ya mwisho. Mtoto anazidi matarajio, anafikia, anakaribia, au yuko chini. Mbele ya jina la yule kijana, kwenye kurudisha chenji, palikuwa na neno: anakaribia.

"Na kwenye biashara?" nikauliza kwa uchungu.

"Huko amezidi. Lakini hatuna sehemu ya kuandika."

Tukatoka nje kucheza kati. Kwa aliyekulia ndani ya nyumba: wawili wanarusha mpira, aliye katikati anakwepa. Na hapa nina lalamiko la kijiografia. Mji huu watu wanauita Sisibo, yaani sitini na nne, kwa sababu posta yake ya kwanza ilijengwa kwenye shamba nambari 64, na kila mtoto unayemkuta barabarani anakimbia kana kwamba kuna medali kwenye kona. Kukwepa mpira mbele ya watoto wa Eldoret ukiwa na kitambi ni kujitafutia aibu. Nilikwepa mara moja. Mara ya pili mpira wangu mwenyewe ulinipata tumboni, ukapasuka, majani ya Kisii ya shilingi hamsini yakapeperuka hadi kwenye ua, na ile fulana ya kampeni ikakunjuka yote uwanjani. Likatokea jicho moja la mheshimiwa na mwanzo wa ahadi yake. Iliyobaki niliikata kwa mkasi usiku. Palisomeka: NITA.

Nilidhani mwalimu angeniondolea aibu. Badala yake akapiga makofi mawili, watoto 58 wakachuchumaa kuizunguka fulana. "Tusome."

"Ni-ta!"

"Nita nini? Nani ataimalizia?"

"Nitakula!" "Nitalala!" "Nitarudi kesho!" "Nitaleta maji!" Wakawa wanapokezana, kila mmoja akitaka zamu. Kitoto kimoja cha nyuma, ambacho mama yake, aliyekuwa kando yangu, alikuwa amenong'ona kwamba shuleni hakisemi, kikasimama na kusema, "Nitajaribu." Mama akajifanya anatafuta kitu kwenye kibeti.

Sawa. Nakubali, lakini nakubali kwa shingo upande, na msininukuu kwenye lile kundi la WhatsApp. Sikuwa nimejua kuwa ahadi ya mheshimiwa ingeweza kumfaa mtu. Kinachoniudhi ni kwamba mchezo huu sasa una kengele. Tangu 2024 Umoja wa Mataifa umeitenga tarehe 11 Juni kuwa Siku ya Kimataifa ya Mchezo. Sisi tulikuwa nazo 365, bila azimio, na tulizilipia kwa makalio. Kengele ikalia, mwalimu akawaita ndani, na watoto 58 wakaacha kitenzi hewani, wakapanga mstari. Mmoja akaniuliza njiani, "Anko, hapa tulikuwa tunacheza ama tunasoma?" Nikamwambia amuulize mwalimu. Mwalimu alikuwa anaokota majani ya mgomba.

Jioni ripoti ya wiki ikaja nyumbani kwa binti yangu. Amefikia matarajio kila mahali, na katika kulinda mlango amezidi. Chini kabisa kuna mstari wa ushiriki wa mzazi. Nilivaa miwani. Nikaisoma mara mbili, nikampa mke wangu asome, naye akaisoma kwa sauti ili na jirani asikie: anakaribia.

Na yule mwuza duka asiye na meno, kumbe wazazi wake wamehamia kwenye ploti yetu, mlango wa tatu. Kila nikirudi kazini namkuta ameketi kwenye kizingiti.

"Anko, ile ishirini ya kutoa?"

Nilimweleza hesabu yote kama nilivyofunzwa na yule msichana: mia, themanini, mimi ndiye ninayemdai, arudishe mia. Alisikiliza kwa makini sana, akatingisha kichwa, akaingia ndani. Jana alinisubiri akiwa na daftari.