Jinsi ya Kung'oa Waya wa Klachi na Kuweka Mafuta, Mwenyewe, Uani Kwako

Umeshaamua. Klachi ya Volkswagen Beetle yako ni nzito, goti la kushoto linakuuma kila ukikaa kwenye foleni ya Ubungo, na kuna mtu amekwambia magari ya siku hizi yanatumia mafuta badala ya waya. Hongera. Fuata maelekezo haya na Jumapili utakwenda kanisani kwa bodaboda.

Sharti la kwanza: usiukague waya uliopo. Ukilala chini ya gari ukautazama, huenda ukakuta umekauka, nyuzi zimeanza kukatika, au lile ganda lake la nyuma, pale unapoingia kwenye giaboksi, limepinda vibaya. Ukikuta hayo utashawishika kununua waya mpya, kuupaka grisi na kuufunga. Saa nne asubuhi klachi itakuwa laini, na mradi wako utakuwa umekufa kabla hata majirani hawajaja kuutazama. Asikutishe pia mzee wa mtaani atakayekukumbusha kwamba Beetle zilishinda Safari Rally mwaka 1954, 1957 na 1962 zikiwa na klachi ya waya. Madereva wake walikutana na matope tu. Foleni hawakuijua.

Nenda kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani ukanunue silinda mbili: masta ya juu, inayosukumwa na pedali, na silinda ya chini, inayosukuma mkono wa klachi. Muuzaji atauliza, "Ya gari gani, bosi?" Mjibu kwamba yoyote, mradi ing'ae. Ni waoga tu wanaopima kipenyo. Wao wakichukua masta ya inchi 5/8 na silinda ya chini ya inchi 3/4, wanajua kwamba eneo la pistoni ya chini ni mara 1.44 ya lile la juu. Kwa hiyo nguvu ya mguu huongezeka kwa kiasi hicho, lakini mwendo hupungua kwa kiasi hichohicho: ukisukuma milimita 25 juu, chini unapata 17 na kidogo. Wepesi wote unaousikia ukisifiwa unatoka kwenye hesabu hiyo, na bei yake ni mwendo. Ukiweka ya chini kubwa mno, pedali itakuwa laini ajabu, ila klachi haitaachia. Utajua kwa rivasi, maana haina sinkronaizi, nayo italia mpaka mtaa wa pili.

Sasa jambo ambalo hakuna anayelitaja dukani. Waya huvuta. Silinda nyingi za klachi husukuma. Kwenye Beetle mkono wa klachi uko ubavuni mwa giaboksi, na waya unatoka mbele kwenye handaki la katikati ya sakafu kuja kuuvuta uelekee mbele. Silinda yako ikifungwa mbele ya mkono itausukuma kurudi nyuma, yaani itafanya kazi kwa bidii kubwa upande usiotakiwa. Inabidi ikae nyuma ya mkono, huko kwenye joto la injini, au utafute silinda ya kuvuta. Kama unataka kufuata mwongozo huu kikamilifu, ligundue hili baada ya kuchomelea.

Tukija kwenye kuchomelea kishikio cha silinda ya chini, tumia bati jembamba. Ukikanyaga, bati litapinda kwanza, na mwendo wote ulioutafuta kwa hesabu utaishia kwenye bati. Huko mbele nako toboa tundu la masta bila kuongeza chuma cha kuimarisha, uone ukuta mzima ukipumua kila ukibadili gia. Fundi wa kweli huweka kipande kinene pande zote mbili kisha anakwenda kunywa chai. Wewe huna muda huo.

Kikopo cha mafuta usinunue. Toboa kile cha breki, chini kabisa, uunge mpira hapo. Watengenezaji wa magari yanayotumia kikopo kimoja hulitoa bomba la klachi juu, ili klachi ikivuja breki zibakiwe na akiba. Ukilitoa chini, siku klachi ikiondoka itaondoka na breki. (Hapa nimeshindwa kuendelea na mzaha. Nunua kikopo chake.) Na uweke mafuta ya breki, DOT 3 au DOT 4. Mafuta ya injini huvimbisha mpira wa silinda hizi mpaka pistoni inakwama. Ya breki nayo yakidondokea bodi, rangi inatoka bila kuombwa.

Kutoa upepo kunahitaji watu wawili wanaopendana. Mmoja anakaa kwenye pedali, mwingine analala chini na spana.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga, baba."

"Shikilia!"

"Baba, umesema niachie?"

Upepo umerudi ndani. Nipeli ya kutolea upepo hufunguliwa pedali ikiwa imeshuka, na hufungwa kabla mguu haujanyanyuka. Hakuna ufundi mwingine. Isipokuwa kama umeifunga silinda nipeli ikitazama chini. Upepo hupanda juu, basi hapo mtoto atakanyaga mpaka amalize shule ya msingi, na pedali itabaki sponji.

Mwisho, usiweke kizuizi cha pedali. Waya ulikuwa na mwisho wake. Mafuta yatasukuma hadi pistoni ya chini ichomoke, au beringi ya klachi iminye preshapleti kupita kiasi. Wala usiache nafasi yoyote kati ya beringi na preshapleti. Beringi ya Beetle haikutengenezwa kuzunguka wakati wote, na itakujulisha kwa sauti.

Nisieleweke vibaya, mafuta yana sifa zake. Bomba hupita kwenye kona yoyote bila kusuguana, na kama umefunga injini kubwa yenye preshapleti ngumu, au giaboksi ya gari jingine, unayo sababu. Ipo pia sababu moja ya Beetle hasa: lile bomba la chuma linalouongoza waya ndani ya handaki likikatika, kulirudisha ni kukata sakafu, na hapo mafuta yanakuwa kazi ndogo kuliko waya.

Kama bomba lako ni zima, nunua waya. Kaza nati ya nyuma mpaka pedali iwe na mchezo wa milimita 10 hadi 20 kabla haijaanza kushika, na ukiwa huko chini badilisha na ganda lake.