Chai Isiyopanda Matatu

Kisa chote kilianzia kwenye bei. Mwaka 2022 gunia la kilo 50 la mbolea ya kupandia lilipita shilingi 6,000 madukani. Serikali ilipoleta ya ruzuku kwa 3,500 Septemba mwaka huo, kisha kwa 2,500 mwaka uliofuata, mwandishi wa safu hii alikuwa keshaapa: sukuma wiki zake za gunia, pale plotini Nakuru, zitalishwa majani ya bure. Hakuna aliyemwonya kwamba majani ya bure yana meno.

Majani yenyewe ni thabai, au siwot ukiuliza Mkalenjin. Kwa shemeji yake, Njoro, yameota nyuma ya zizi, kwa maana thabai hupenda penye samadi kuukuu na naitrojeni tele, na naitrojeni hiyo huihifadhi majanini. Mtu wa mjini akaingia mikono mitupu. Sasa, kila kinyweleo cha thabai ni kisindano chenye ncha kama kioo. Ukikigusa ncha inakatika na kukudunga dawa ya muwasho. Shemeji alimtazama akijikuna hadi kwenye viwiko, akasema kwa upole: “Shemeji, hiyo hupikwa kwa mukimo. Haisalimiwi.”

Zilizobaki zilikuwa kazi za kawaida. Thabai ikakatwakatwa pamoja na tithonia, ile alizeti mwitu ya maua ya manjano ambayo majani yake makavu yana naitrojeni kama asilimia 3.5 na potasiamu kama asilimia 4. Yakatiwa guniani, gunia likaning'inizwa ndani ya pipa la maji la lita 200, likakandamizwa kwa jiwe na kufunikwa, likawa linatikiswa kila baada ya siku chache kwa wiki mbili. Taasisi ya Kilimo Hai ya Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1986, imewafundisha wakulima wengi kupika “chai” ya namna hii.

Siku ya kumi mbwa wa shemeji alihamia kwa jirani.

Majani yakiozea majini pasipo hewa, harufu yake haina mfano wa heshima. Ufaransa, chai ya thabai ilizua mzozo mkubwa baada ya sheria ya mwaka 2006 kufanya hata kuipigia debe kuwa hatari, mpaka ikaruhusiwa rasmi mwaka 2011. Ukisoma habari hiyo nyumbani utacheka urasimu wa Wafaransa. Ukiisoma karibu na pipa, utawaelewa wabunge wao.

Kosa kubwa likafuata: mtungi wa lita 20, uliojazwa pomoni, kifuniko kikakazwa kwa nguvu zote, ukasukumwa chini ya kiti cha matatu ya kwenda Nakuru. Chai ilikuwa bado inachacha. Gesi ikatafuta njia, mtungi ukavimba kama chura, na kwenye tuta la pili kifuniko kikaruka.

“Mzee, umebeba nini?” konda akafoka.

“Chai.”

“Ya maziwa ama ya rangi?” abiria mmoja akauliza, leso puani.

Alishushwa hapo hapo. Nauli haikurudi.

Nusu iliyosalia ilifika plotini kwa miguu, na kwa hasira ikamwagwa vivyo hivyo bila kuongezwa maji. Baada ya siku nne kingo za majani ya sukuma zilikuwa za kahawia, kana kwamba mtu amezipiga pasi. Awamu ya pili ilizimuliwa, kipimo kimoja cha chai kwa viwili vya maji, hadi ikawa na rangi ya chai ya strungi, kisha ikamwagiwa shinani badala ya majanini. Hiyo ndiyo sukuma anayokula hadi leo.

Msomaji wa Kaptembwo, Free Area au London (hii yetu ya Nakuru), ukitaka kujaribu, vaa glavu, legeza kifuniko, na uipike papo hapo utakapoitumia. Makonda wa Njoro siku hizi wakiona mtungi steji, huuliza kwanza ni chai gani.