Sifa za Usukani Uliokaa Pabaya

Nina Toyota Carina ambayo kwenye kadi yake imeandikwa kijivu, na machoni pa watu ina rangi ya vumbi la Buyenzi, mtaa wa Bujumbura. Usukani wake uko kulia. Burundi tunaendesha kulia. Maana yake mimi dereva nimekaa mtaroni, na abiria wangu amekaa katikati ya barabara akitazamana na malori.

Wapo wanaoiona hii kuwa kasoro. Hasa waliorudi kutoka Ulaya: wakipanda gari langu hushika mpini wa mlango, wakaniuliza kwa sauti ya chini, ile ya kuulizia hali ya mgonjwa, "Hii mmeshaizoea?" Hao ndio walionifanya nikae chini niandike. Kitu kilichonipandisha Bugarama na kunishusha salama mara zisizo na idadi, kikaninunulia karoti nikiwa nimekaa, kikanifungulia siri za mama mkwe wangu, hakiulizwi hali. Kinasifiwa.

Na sifa huanza na nasaba. Gari langu limezaliwa Japani, ambako watu huendesha kushoto na usukani unakaa kulia kwa haki yake. Huko gari halifi kwa uzee. Mwenyewe huchoshwa na gharama za kulikagua kila baada ya miaka miwili, akalitoa likapigwa mnada lingali na nguvu zake. Likapanda meli, likashuka Dar es Salaam, likaanza safari ya kilomita kama 1,500: Morogoro, Dodoma, Singida, Kahama. Njia nzima hiyo lilikuwa gari la heshima, usukani mahali pake, hakuna wa kuligeuzia shingo. Likafika Kabanga, likavuka mpaka kuingia Kobero, Burundi. Hakuna bolti iliyolegezwa, hakuna waya uliohamishwa, lakini kwa mizunguko michache ya matairi likawa gari la upande usiofaa. Nimewaona watu waliogeuka wakivuka mpaka, ila hao walipiga kelele sana. Carina yangu iligeuka kimya.

Wa kulaumiwa, kama lazima apatikane, hayupo Toyota. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Usumbura, yaani Bujumbura ya leo, na Dar es Salaam zilikuwa chini ya bendera moja, ya Wajerumani. Vita vikaja, Wabelgiji wakachukua huku, Waingereza wakachukua kule, na kila mmoja akatuachia mkono wake. Leo Jumuiya ya Afrika Mashariki ina nchi 8. Kenya, Uganda na Tanzania zinapita kushoto; sisi, Rwanda, Kongo, Sudan Kusini na Somalia tunapita kulia. Wakubwa huzungumzia sarafu moja bila woga. Upande mmoja wa barabara sijasikia anayethubutu kuutaja.

Tena msidhani tuko peke yetu. Waswidi, watu wanaosifiwa kwa utaratibu, waliishi miaka mingi wakiendesha kushoto huku magari yao mengi yakiwa na usukani kushoto, yaani ugonjwa wetu huu huu ukitazamwa kwenye kioo. Mwaka 1955 waliulizwa kwa kura kama wanataka kuhamia kulia. Zaidi ya asilimia 80 wakakataa. Serikali ikawahamisha tu, tarehe 3 Septemba 1967, na hadi leo nawaonea huruma. Myanmar walihamia kulia mwaka 1970, magari yakabaki na usukani wa kulia kwa miongo mingi. Kule Vladivostok, Urusi, Japani ikiwa ng'ambo tu ya bahari, mitaa imejaa ndugu zetu. Wasamoa ndio waliokosa subira: mwaka 2009 waliihamisha nchi nzima kutoka kulia kwenda kushoto ili waweze kununua magari ya bei nafuu kutoka Australia na New Zealand. Nchi nzima! Kwa sababu ya usukani! Sisi Bujumbura hatujahamisha hata tofali.

Sasa tuje kwenye fadhila zenyewe.

Kwanza, soko. Mwenye usukani wa kushoto akisimama Bugarama kwenye baridi ile, wauza mboga wanamkimbilia upande usio wake, na yeye analazimika kujinyoosha juu ya mapaja ya mkewe ili aikague kabichi. Mimi kabichi inaletwa puani. Nainusa, naigonga, nataja bei, nakataa, naondosha gari hatua mbili, naitwa, nanunua. Kwenye barabara ya ziwa, kutoka Kabezi kwenda Rumonge, ni hivyo hivyo kwa maembe na ndagala. Nimewahi kufanya manunuzi ya wiki nzima bila kufungua mkanda, na nyumbani nikapokewa kama mwanamume aliyehangaika.

Pili, askari wa barabarani. Naye husimama pembeni, kama kabichi. Kwa magari mengine inabidi azunguke, avuke taa za mbele, atazame asigongwe. Katika mwendo huo dereva anapata nafasi ya kutunga maelezo. Kwangu anainama tu. Karatasi zimeshafika mkononi mwake kabla sijatunga lolote, nami nimekuwa mkweli kwa kukosa muda.

Tatu, mtaro. Hakuna mtu Bujumbura anayeijua mitaro kama mimi. Mvua ikipiga, maji yakishuka kutoka milimani na ukingo wa lami ukaliwa kama mkate, mwenye usukani wa kushoto hukisia gurudumu lake la kulia liko wapi. Mimi nimelikalia. Najua kila mfuniko ulioibwa na kila mwanafunzi anayetembea pembezoni. Yanayotokea upande wa pili, hayo siyajui, lakini mtu mmoja hawezi kujua yote.

Na hapo ndipo ilipo fadhila kubwa, ambayo zile nyingine ni kachumbari yake tu. Usukani huu umekataa katakata mtu kusafiri peke yake.

Wanaopanda RN1 kwenda Bugarama wanaelewa. Kutoka usawa wa ziwa, mita zisizofika 800, unapanda hadi mita 2,000 na zaidi katika kilomita kama 35, kona juu ya kona, na mbele yako daima liko lori la saruji linalotembea mwendo wa bibi harusi. Nyuma ya lori wameng'ang'ania vijana wa baiskeli, watatu au wanne, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye chuma cha lori, wanavutwa kwenda juu wakafuate ndizi. Wenzao waliokwisha kupakia wanateremka upande wa pili kama mawe, mikungu imefungwa nyuma, breki ni soli ya kandambili. Ili upite lori lazima uone mbele yake. Aliyekaa kushoto anachungulia kidogo, anaona, anapita. Mimi nikichungulia upande wangu naona matope, tairi la lori, na kisigino cha yule kijana. Basi macho yangu yamekaa kiti cha kushoto, na kwa miaka yote hii macho hayo ni ya mama mkwe wangu.

Yeye hukaa mbele kwa sababu ya magoti, na kwa sababu nyuma hutapika. Hajawahi kushika usukani wowote, hata wa baiskeli. Kazi ya kuniangalizia barabara aliipokea kama amana.

"Mama, kunaonekanaje?"

"Kuna mtu."

"Mtu au gari?"

"Mtu. Ana mzigo, masikini."

"Na gari, mama? Gari linakuja?"

"Linakuja. Lakini liko mbali."

"Mbali kiasi gani?"

Akafikiri. "Kama kutoka kwangu hadi msikitini."

Kutoka kwake hadi msikitini kuna njia mbili, moja ya kupita sokoni na moja ya kukata uchochoroni. Nilipokuwa bado nachagua, gari lenyewe likatupita likipiga honi, na nyuma yake baiskeli mbili za ndizi, na upepo wake ukatikisa vioo.

"Ngoja, Baba Zuhura," akasema, kama vile nilikuwa na haraka.

Tukangoja. Dakika 20, nikihesabu kwa saa ya gari ambayo inakimbia kidogo. Na ndani ya dakika hizo, kwa kuwa macho yake yalikuwa barabarani na yangu kwenye kisigino cha kijana, na hakuna aliyelazimika kumtazama mwenzake usoni, akaniambia kwamba binti yake alikuwa na mchumba mwingine kabla yangu. Mwenye duka Rumonge. Yeye mama alimpenda huyo. Alitaja hata bei ya kitenge alicholetewa. Kisha, bila kubadili sauti: "Haya. Bismillahi." Nikakata kushoto, nikakanyaga mafuta, Carina ikalia, tukapita.

Gari lenye usukani kushoto lingekuwa limelipita lori lile mapema, nami ningezikwa bila kujua habari za kitenge.

Nakiri kuna mambo madogo. Taa za Carina zilitengenezwa ziinue mwanga upande wa kushoto, kwa kuwa Japani ndiko uliko ukingo wa barabara. Kwetu kushoto ndiko anakotokea mwenzako, kwa hiyo kila ninayekutana naye usiku namsalimia machoni. Fundi mmoja wa Buyenzi alinibandikia utepe mweusi kwenye pembe za vioo vya taa. Sasa haoni mwenzangu wala sioni mimi, na haki imepatikana. Jambo la pili ni Hiace. Zile za Japani zina mlango wa kusukuma upande wa kushoto, kwa hiyo ukizipanda huku, unashuka katikati ya barabara, mbele ya kila anayetaka kupita. Wanaolalamika hawajawahi kuona bibi wa miaka 70 akishuka hivyo na kapu kichwani, akainua kiganja kimoja, na magari ya mtaa mzima yakasimama. Hata mawaziri hutembea na pikipiki kupata heshima hiyo.

Kuna siku nilishawishika. Rafiki aliniazima gari lake la Kizungu, usukani kushoto, nipeleke wageni. Kila kona niliyotaka kuonyesha taa nilipiga waipa, jua kali, mtaa mzima wa Rohero ukiniona nafuta kioo kikavu. Kwenye magari ya Japani mkono wa taa uko kulia, Wazungu wameuweka kushoto. Lakini nililionja lile jambo la kuona mbele, likaniingia. Nikaenda kwa fundi wangu, nikamuuliza itagharimu kiasi gani kuuhamisha usukani wa Carina.

Alikuwa chini ya gari jingine, miguu tu ndiyo inaonekana. Mafundi wa Buyenzi hawana cha kujifunza kwa mtu kuhusu kuhamisha vitu: nimeona injini ya gari moja ikipumua ndani ya jingine kwa miaka. Akatoka, akafuta mikono, akalizunguka gari langu kama mnunuzi wa ng'ombe.

"Mzee," akasema, "volani iko mahali pake. Barabara ndiyo imekosea."

Akarudi chini. Hakunitoza kitu.

Siku hizi, petroli inavyopatikana kwa kubahatisha, mpenda magari wa Bujumbura ni mtu anayekaa ndani ya gari lililosimama akilikumbuka. Hivyo tulipojaza tangi, mimi na mama mkwe tukaamua kwenda mbali, Kigoma, kwa ndugu zake. Tukafuata ziwa: Rumonge, Nyanza-Lac, tukapanda Mabanda hadi Mugina, tukagongewa mihuri, tukaingia Manyovu upande wa Tanzania na nikahamia kushoto.

Nikaona. Kwa mara ya kwanza tangu nilinunue, gari na barabara vilikuwa vimekubaliana. Lori likatokea mbele, nikatazama mwenyewe, nikapita mwenyewe. La pili, vivyo hivyo. La tatu nilipita nikiwa naimba. Ilipita nusu saa ndipo nikagundua kuwa ninaimba peke yangu. Mama mkwe alikuwa ameegemea mlango wake, upande wa majani, mikono imekunjwa mapajani. Alikuwa haoni kitu isipokuwa mtaro.

"Mama, umechoka?"

"Kwani nimekukosea nini, Baba Zuhura?"

Nikasema hakuna. Akasema hakuna basi. Kilomita zote za kushuka Kigoma hatukuzungumza tena, na siku mbili kwa ndugu zake nilimsikia akiwaeleza kwamba mkwe wake siku hizi anaendesha kama mtu asiye na wazee.

Wakati wa kurudi tulifika mpakani alasiri. Mihuri, salamu, kizuizi kikainuliwa, nikalihamisha gari kulia. Nikarudi mtaroni kwangu. Upande wa pili nilisikia kiti kikilia. Alikuwa amekaa wima. Akaweka sawa mtandio, akachukua pindo la kanga yake akafuta kioo cha mbele, upande wake tu, akasogeza uso.

Mbele yetu hapakuwa na lori, wala baiskeli, wala mbuzi.

"Ngoja," akasema.

Nikapunguza mwendo.