Mwongozo Mfupi wa Kutopata Nyumba Lamu

Kwa: Wizara ya Ardhi, Ujenzi wa Umma, Nyumba na Ustawi wa Miji, Nairobi
Nakala: Serikali ya Kaunti ya Lamu
MINT: BEI YA NYUMBA KISIWANI LAMU

Nyumba ya mawe ya Lamu ni jengo la orofa mbili au tatu, lenye kuta nene za mawe ya matumbawe, dari za boriti za mikoko na lipu ya chokaa. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba, kwa sababu boriti ya mkoko haivuki mita tatu hivi bila kulegea. Mlangoni pana daka la kuketisha wageni, katikati pana kiwanda, yaani ua ulio wazi juu, na ndani kabisa ukuta umepambwa kwa zidaka. Mji wa kale uliojengwa kwa mtindo huo unakaa kwenye hekta 16 hivi, na tangu 2001 umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Wakazi wake hawamo. Orodha ni ya majengo, na hakuna aliyewahi kudai kwamba majengo yanahitaji watu maalumu.

Maelezo yanayofuata yameandaliwa kwa ajili ya maafisa wa Wizara ambao ziara zao za kikazi huishia gatini Mokowe, upande wa bara, kwa kuhofia maji ya mkondo.

Kwa desturi ya zamani, nyumba ya Lamu haikuuzwa. Baba mwenye uwezo alimjengea binti yake, na bwana arusi ndiye aliyehamia. Kiwanja kilipokwisha, orofa iliongezwa juu. Juu kulipokwisha, kilijengwa chumba cha kuvuka uchochoro hadi ukuta wa jirani, nacho huitwa wikio. Dalali hakuwa na kazi, na hapakuwa na aliyejua bei ya mita moja ya mraba. Kwa vipimo vya kisasa mji huo ulikuwa nyuma mno, maana binti wa ukoo wenye nyumba aliingia kwake bila deni wala riba. Haifai kuupamba mpangilio huo kupita kiasi. Ulikuwa wa waungwana wa mtaa wa Mkomani. Watumwa na wajukuu wao, mabaharia na waliohamia kutoka visiwa jirani waliishi katika nyumba za udongo na makuti, na hakuna aliyewajengea wikio.

Kilichougeuza mpangilio huo kuwa soko kilianza ndani ya familia zenyewe. Mwenye nyumba anapofariki na kuacha mjane, wana watatu na mabinti wawili, hesabu ya faraidhi huigawa nyumba mafungu 64: mjane 8, kila mwana 14, kila binti 7. Chumba chembamba cha boriti hakigawanyiki hivyo. Kizazi cha pili kikifika, warithi ni kaumu nzima, wengine wako Mombasa, wengine Jeddah, na mvua ya masika inaingia kwa yule aliyebaki. Lipu ya chokaa haistahimili kupuuzwa. Boriti ikilowa huoza, na orofa huanguka. Hapo ndipo dalali huja, akiwa na mnunuzi mmoja na bei katika dola au yuro.

Fikihi ya Kishafii, inayofuatwa Lamu, iliona hatari hiyo mapema. Humpa mshirika haki ya shufaa, yaani mwenzake akiuza fungu lake kwa mtu wa nje, yeye ana haki ya kulitwaa kwa bei ileile. Ni haki nzuri, yenye kasoro moja tu: hutekelezwa kwa fedha taslimu. Katiba ya 2010 nayo imeziachia mahakama za kadhi mambo ya ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu, kwa hiyo kadhi ana mamlaka kamili ya kumtangazia binti kwamba fungu lake ni 7 kati ya 64 za nyumba ambayo hataweza kuinunua.

Shela, kijiji kilicho kilomita tatu hivi kusini mwa mji, ndipo somo hili linapoonekana vizuri zaidi. Hoteli yake mashuhuri ufukweni ilifunguliwa 1967. Wageni wa miaka ya 1970 walikuja na mabegi mgongoni. Waliofuata walikuja na wachoraji wao wa ramani, na miongoni mwao wamo watu wa koo za kifalme za Ulaya. Haki isemwe: wengi wao waliyachukua magofu na kuyainua upya, kwa chokaa na boriti, na kuwapa kazi mafundi ambao ufundi wao ungekufa. Kwa hiyo leo nyumba inayokaliwa wiki chache kwa mwaka ina lipu nyeupe isiyo na ufa, na ile inayolala watu kumi na wawili imetiwa viraka vya saruji. Kanuni za uhifadhi hutaka ukarabati ufanywe kwa vifaa vya asili, jambo ambalo mwenye kipato cha Ulaya hulitimiza kwa furaha. Mwenyeji anayekarabati kwa saruji huitwa mharibifu wa urithi wa babu yake.

Usiku mmoja katika nyumba kubwa ya Shela, hasa mwisho wa mwaka, hulipiwa mamia ya dola. Methali ya pwani husema mgeni njoo, mwenyeji apone, na mwenyeji wa Shela amepona kweli: ni mpishi, ni mlinzi, ni nahodha wa jahazi la kutazamia machweo, na usiku hurudi kwenye chumba alichokodi nyuma ya mji. Nyuma ya kijiji hicho pia kuna matuta ya mchanga yanayochuja na kuhifadhi maji ya mvua, na visima vya hapo ndivyo vinavyounywesha mji wa Lamu. Mandhari ya juu ya tuta ni nzuri sana. Ndiyo maana wajenzi hupatamani, na ndiyo maana bwawa la kuogelea na mtungi wa mama wa mtaa wa Langoni hutegemea chemchemi moja.

Wizara inaweza kuuliza kwa nini mwenyeji asijenge nyumba mpya. Mawe huchongwa kwa mikono huko Maweni, kisiwani Manda, kisha huvushwa kwa mashua. Saruji na mabati hutoka bara. Njia za mji wa kale hazipitishi lori, na nyingine hazipitishi punda wawili wakikutana. Mfuko wa saruji unapofika Langoni umekwisha kubebwa na lori, na mchukuzi, na mashua, na mchukuzi mwingine, na punda. Wote wamelipwa isipokuwa punda. Boriti, ambazo hukua palepale kwenye vijito vya Lamu, nazo zilikuwa na mwaka wao: serikali ilipopiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma mnamo Februari 2018, mikoko ilijumuishwa, na wakataji wa Lamu wakabaki wakiitazama bidhaa yao ikisimama majini.

Kuhamia bara ni shauri linalotolewa mara nyingi na watu walioko bara. Tarehe 2 Machi 2012, Rais Mwai Kibaki, Salva Kiir wa Sudan Kusini na Meles Zenawi wa Ethiopia walizindua ujenzi wa bandari mpya ya Lamu na ushoroba wa uchukuzi wa LAPSSET. Gati la kwanza likafunguliwa Mei 2021. Katikati ya tarehe hizo, mwaka 2014, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufuta hati za ekari zipatazo 500,000 za ardhi ya Lamu zilizokuwa zimegawiwa kampuni 22 kati ya 2011 na 2012. Kampuni hizo zilikuwa zimeipenda Lamu kwa mapenzi yasiyongoja mawe ya msingi. Mkulima wa huko alikuwa na mihogo na makaburi ya wazee wake, lakini karatasi hakuwa nayo. Sheria ya hatimiliki ya 1908 ndiyo iliyoamua kwamba ardhi ya pwani isiyodaiwa mbele ya maafisa wa Kiingereza ni ya serikali, na uhuru wa 1963 uliirithi serikali hiyo pamoja na kabati zake.

Inafaa pia kuipongeza Katiba. Kifungu cha 65 kinasema asiye raia hawezi kumiliki ardhi ila kwa ukodishaji usiozidi miaka 99. Kampuni huhesabiwa raia iwapo tu imemilikiwa yote na raia, na mali iliyowekwa kwa amana huhesabiwa ya raia iwapo tu wote wanaofaidika nayo ni raia. Waandishi wa kifungu hicho waliona mbali. Walimfikiria hata mwenye kuazima jina la rafiki. Walichosahau kutaja ni ofisa wa kwenda Shela kubisha mlango na kuuliza. Na miaka 99, kwa hesabu ya Lamu, ni mjukuu wa mjukuu. Muda huo ukiisha, nyumba itarudi kwa watu ambao kwa sasa hata wazazi wao hawajazaliwa, na hiyo bila shaka ni faraja.

Kisha upo mpango wa makazi ya bei nafuu. Tozo yake ilianzishwa na Sheria ya Fedha ya 2023, Mahakama Kuu ikaiona inakiuka Katiba Novemba mwaka huohuo, na Machi 2024 ikarudi ndani ya sheria yake yenyewe: asilimia 1.5 ya mshahara wa mfanyakazi na asilimia 1.5 kutoka kwa mwajiri, na wasio na mwajiri nao hawakusahauliwa. Mwalimu wa Lamu hulipa sawa na mwalimu wa Nairobi. Sheria hiyo huwapanga Wakenya kwa kipato cha mwezi: walio chini ya shilingi 20,000 hupewa nyumba za kijamii, na walio kati ya hapo na 149,000 hupewa nyumba za bei nafuu. Mvuvi wa Lamu anaweza kuuvuka mpaka huo wakati wa kaskazi, bahari inapotulia, na kurudi chini yake kusi inapovuma na mashua kupandishwa pwani. Kisheria, basi, yeye ni watu wawili wanaopokezana mwaka, na kila mmoja anastahili nyumba yake. Kivitendo, wote wawili hukodi chumba kimoja Kashmir au Wiyoni, mitaa ya nyuma ya mji iliyopanuka kadiri ya mbele ilivyouzwa, ambako makuti bado ni mengi na moto ukishika paa moja hushika safu.

Kaunti nzima ilikuwa na watu 143,920 katika sensa ya 2019. Hao ni wachache kuliko wakazi wa mtaa mmoja mkubwa wa Nairobi, na huenda ndiyo sababu ramani ya ghorofa hutangulia kuchorwa na mahali hutafutwa baadaye. Lakini Lamu ina upungufu wa namna ya peke yake. Nyumba zimeshajengwa, tena kwa ubora ambao hakuna mkandarasi wa leo angeuahidi. Kinachokosekana ni fedha za kumwezesha mrithi mmoja kuwalipa ndugu zake kabla dalali hajafika, na chokaa ya kuziba paa kabla ya masika. Sehemu ndogo ya tozo inayokatwa kisiwani humo, ikitengwa kuwa mikopo isiyo na riba kwa warithi wanaotaka kutumia shufaa na ruzuku ya chokaa na boriti kwa wanaokaa humo, ingeokoa makazi ambayo hayahitaji hata kiwanja. Kazi hiyo haina jiwe la msingi la kuwekwa wala utepe wa kukatwa, na ugumu wake kwa Wizara unaeleweka.

Wizara inaombwa ianze na lililo rahisi: ichapishe rejista ya umiliki wa nyumba za Mkomani na Shela, ikionyesha zipi ni za raia, zipi ni za ukodishaji wa miaka 99 na muda uliosalia, na zipi zina mwenyewe ambaye jina lake halimfahamu. Ichore pia mpaka wa matuta ya Shela na kuusimamia, kabla haijaidhinishwa nyumba nyingine juu ya visima. Haya yote yamo ndani ya mamlaka yake ya sasa, na hayangoji sheria mpya.