Namna ya Kuonja Rubisi Mabira Bila Kuinunua

Mgeni akiingia kilabuni Mabira, akaketi kwenye benchi, akatoa hela na kuagiza papo hapo, watu humtazama kwa huruma. Huyo hajafunzwa. Mabira ni kata ya Wilaya ya Kyerwa, ile iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, na katika migomba na mibuni yake yote hutampata mtu asiye na maoni juu ya pombe. Hata mlokole ambaye hajaigusa tangu aokoke, ukimpita njiani na dumu la njano kwenye baiskeli, atakuambia kama rubisi hiyo, pombe ya ndizi, ni ya leo au ya juzi kwa kutazama tu povu linavyochungulia kwenye jani la mgomba lililozibia mdomo wake. Pombe hapa kwanza hutolewa maoni. Kunywa hufuata, mfuko ukiruhusu, na mwongozo huu ni wa siku ambazo mfuko hauruhusu.

Mtaji wako ni kionjo. Kwa desturi, muuzaji hupiga funda mwenyewe mbele yako, ili uone kwamba haina sumu, kisha anakumiminia kidogo uonje kabla ya kuamua. Desturi nzuri sana. Wazee walioianzisha Mungu awalaze pema. Kosa la mjinga ni kuonja na kusema, "Safi, nipe lita." Kionjo kimekufa. Wewe onja, funga macho, sogeza pombe shavu la kulia, kisha la kushoto, meza, halafu tazama paa la bati kana kwamba jibu limeandikwa juu yake. Usiseme neno. Mama mwenye kilabu atauliza mwenyewe.

"Vipi, baba?"

"Ngoja kwanza, mama. Kuna kitu nakitafuta."

Atakuongezea ukitafute. Hapo umeshapata mafunda mawili na hujasema lolote la kukurudia.

Sasa unahitaji ujuzi, maana huwezi kulaumu kitu usichojua kinavyotengenezwa. Rubisi ina hatua nyingi, na kila hatua ina thamani ya funda moja kwa mtu mwenye subira. Anza na ndizi zenyewe. Embiire ndizo ndizi za pombe za tangu na tangu. Kainja ilikuja baadaye, ina maji mengi, na wavivu waliipenda kwa sababu haidai matunzo. Ukitaka kuheshimiwa, sema kwa masikitiko: "Hii ni kainja tupu." Mama akikataa, usirudi nyuma. Mnyauko wa migomba uliingia Kagera mwaka 2006, na kainja ikaumia vibaya, kwa kuwa wadudu hutua kwenye ua dume na kuhamisha ugonjwa kutoka mgomba hadi mgomba. Mabwana shamba wakapita wakifundisha watu kulivunja ua hilo kwa kijiti chenye panda, na wasipite na panga moja shamba zima. Muulize mama: "Ua mlilivunja mapema au mlichelewa?" Hakuna anayejua ua lina uhusiano gani na ladha. Lakini swali ni zito, lina sauti ya kitaalamu, na muulizaji hawezi kuachwa na kikombe kikavu.

Kutoka kwenye ndizi ingia kwenye shimo. Ndizi mbichi hufukiwa shimoni na majani ya mgomba kwa siku kadhaa ziive, au hupangwa juu ya jiko zipate joto. Hapo una malalamiko mawili yaliyo tayari: zilitolewa mapema, au zilikaa mno. Chagua moja. Ukitumia yote mawili kwa pombe moja watakushtukia, ingawa nimemwona mtu akifanya hivyo na akaongezewa, kwa sababu alikuwa shemeji wa mwenye kilabu.

Baada ya shimo kuna mtumbwi. Ni mti mzima uliochongwa, na ingawa hauendi popote umesafirisha watu wengi. Ndizi zilizomenywa hutiwa humo pamoja na majani, wanaume wakaingia miguu mitupu, wakakanyaga mpaka juisi ikatoka. Majani ndiyo hushika makapi. Hapa ndipo panapotenganisha mwonjaji mchanga na aliyekomaa. Mchanga ataleta utani kuhusu miguu ya aliyekanyaga, watu watacheka, na mama atakasirika afunge dumu. Aliyekomaa haigusi miguu kabisa. Anauliza habari ya maji. "Maji mliyoongeza ni ya mtoni au ya mvua?" Kila mtu anajua kwamba maji yameongezwa, na kila muuzaji angependa yasitajwe. Ukiyataja kwa upole, tena kwa sauti ya chini ili wateja wengine wasisikie, utashangaa jinsi mkono wa mama unavyokuwa mwepesi.

Mwisho kuna mtama. Hukaangwa, ukasagwa, ukachanganywa na juisi, mtumbwi ukafunikwa kwa majani ya mgomba, na ikifika kesho yake ile juisi waliyokuwa wanaigombania watoto imekuwa jambo la watu wazima. Kuhusu mtama sema tu kwamba haukukaangwa sawasawa. Lawama hii haina jibu, kwa kuwa mtama wenyewe hauonekani tena.

Kumbuka pia kwamba rubisi huendelea kuchacha huku unaijadili. Iliyo tamu saa kumi jioni inakuwa imekaza saa moja usiku, na kesho kutwa itakunja uso wa mtu. Kwa mwonjaji hii ni neema. Maoni ya saa kumi yameshapitwa na wakati saa kumi na mbili, kwa hiyo ni haki yako, tena ni wajibu, kuonja upya. Mtu akikukumbusha kwamba mwanzo uliiita changa na sasa unaiita kali, mwambie ukweli: pombe ndiyo iliyobadilika.

Usisifu kamwe. Watu wa pwani wanajua mgema wao akisifiwa anavyolifanya tembo, na hakuna sababu ya kudhani maji ya huku ni ghali zaidi. Ukibanwa kabisa useme neno jema, wasifu marehemu: "Baba yako, mama, yule alikuwa anajua." Mazungumzo yakipoa, mlete Rumanyika. Mfalme huyo wa Karagwe alimpokea Speke mwaka 1861 na Stanley mwaka 1876, na Wazungu hao wawili waliandika vitabu vinene. Dai kwamba mmoja wao aliandika rubisi ya kweli ilikuwaje. Hakuna atakayeacha kikombe akakague.

Bia za chupa zina adabu nyingine, maana huko hakuna kionjo. Ukienda Nkwenda au Omurushaka ukaketi baa, utaulizwa swali moja tu, "Ya moto au baridi?", na jibu lako ndilo maoni yako yote. Wanaokunywa ya moto husema baridi inaficha ladha na kuharibu kifua. Wa baridi husema wenzao wanakunywa uji. Utamkuta pia bwana anayegeuza chupa ya Balimi kama anayesoma hati ya shamba, akiapa kwamba ya Mwanza haifanani na ya Dar es Salaam, na mwingine anayeshikilia kwamba Nile Special ikivuka mto Kagera kutoka Kikagati hupungua nguvu njiani. Wasikilize kwa heshima, hasa wakiwa wanalipa. Kuhusu enkonyagi, yaani gongo, hatutoi maoni. Ni haramu kisheria, na anayeichambua kwa sauti anaweza kutakiwa kurudia uchambuzi wake kituoni.

Hatari iliyobaki ni mzee wa pembeni. Kila kilabu kina wake. Ameshika endeku, kibuyu chembamba cha shingo ndefu, na mrija wake mwenyewe aliokuja nao umefungwa ndani ya leso. Hasemi. Ananyonya, anachomoa mrija, anaukung'uta mara moja kwenye goti, anaurudisha. Wewe unaweza kuwa umeeleza ndizi, shimo, mtumbwi na mtama kwa muda wa saa nzima, lakini wateja wanaoingia mlangoni hawakutazami wewe. Wanatazama kama mzee ameurudisha mrija. Akiurudisha wananunua, akiufunga kwenye leso wanakumbuka kwamba wana safari. Usikae karibu naye, na usimuulize anaionaje pombe ya leo, kwa sababu siku atakayojibu, utaalamu wako umekwisha.

Ukiona giza limeingia na mama anafuta mikono kwenye kitenge, ondoka. Ukichelewa atatoa daftari. Humo hamna neno hata moja juu ya embiire wala kainja, ni majina na hela, na jina lako lina ukurasa wake. Wengi hukimbilia kahawa, kwa kuwa mnunuzi akilipa kila mtu hulipa.

"Niandikie tu, mama. Kahawa inakaribia kuiva."

"Kahawa ipi, baba? Si uliiuza butura ikiwa bado maua?"

Hapo usibishane. Weka kikombe chini taratibu, tikisa kichwa, na umwambie kwamba mtama wa leo haukukaangwa sawasawa.