Namna ya Kuwa Kocha wa Mazoezi Bila Kumpeleka Mteja kwa Daktari wa Mifupa

Filimbi unayo, fulana ya kubana unayo, na picha za kifua umeshazibandika mtandaoni. Viweke vyote pembeni kwanza. Mteja hakulipi ili autazame mkono wako. Anakulipa umsaidie kuujenga wake, na wake una umri mwingine na historia nyingine ya maradhi. Kocha asiyejua kilichomo chini ya ngozi ni mpiga filimbi tu, na hao mitaani wamejaa.

Mtu mzima ana mifupa 206 na misuli zaidi ya 600. Huna haja ya kuikariri yote. Shika ile utakayoitwika mzigo. Jua kwamba msuli huvuta, hausukumi. Umeshikizwa mfupani kwa kano, unavuka kiungio, na ukijikaza mfupa unasogea. Hata pushapu, ambayo kila mtu anaiita kazi ya kusukuma, ni misuli ya kifua inayouvuta mfupa wa mkono, huku traisepsi ikivuta hadi kiwiko kinyooke. Ukilielewa hilo, kila zoezi utaliangalia kwa maswali matatu: kiungio gani kinakunjika, msuli gani unavuta, na upi unadoea.

Chukua mteja anayechuchumaa na chuma cha jimu ya mtaani, bomba lenye makopo mawili ya zege. Simama mbele yake uangalie magoti. Yakiingia ndani kila anapoinuka, mara nyingi mzigo umeizidi misuli ya makalio, ambayo kazi yake mojawapo ni kulizuia paja lisiangukie ndani. Hamia ubavuni. Visigino vikinyanyuka, huenda vifundo vya miguu havikunjiki vya kutosha. Kiuno kikijipinda akiwa chini, pingili za mgongo zimebebeshwa kazi ya mapaja. Kupiga kelele "Kaza! Kaza!" hakurekebishi hata kimoja. Mpokonye bomba, mpe mpini wa ufagio, ajifunze kuchuchumaa kwanza.

Sasa nyama uzembe. Mteja atakishika kitambi kwa mikono miwili aseme, "Kocha, nataka hii tu iondoke." Mwambie ukweli siku hiyo hiyo. Mwili hauchomi mafuta ya pale msuli unapofanya kazi; huyatoa kwenye akiba zake zote na kuyasafirisha kwa damu, na wapi yaanze kupungua hupangi wewe wala yeye. Akikunja tumbo mara mia kila asubuhi, ataimarisha misuli iliyo chini ya mafuta, na mafuta yatabaki juu yake yametulia. Yule anayemfunga mteja nailoni tumboni eti "ayeyuke" anamuuzia maji. Jasho ni maji na chumvi, na kilo iliyopotea kwenye mizani inarudi akishakunywa maji. Tena katika joto la Dar es Salaam la mwezi wa Januari, nailoni hiyo inazuia jasho lisikauke, na kukauka kwa jasho ndiko kunakoupoza mwili. Mtu anaweza kuanguka kwa joto. Huo ni utapeli, na ni utapeli wa hatari.

Kuhusu nguvu, jua hili. Akiba ya haraka iliyomo msulini, ATP na fosfokreatini, huisha ndani ya sekunde kumi hivi za kazi nzito, na huhitaji dakika kadhaa kurudi. Kwa hiyo anayenyanyua chuma kizito apumzike dakika mbili tatu, hata kama mteja wako mwingine ameshafika mlangoni. Na maumivu ya keshokutwa usiyasingizie asidi laktiki, maana hiyo huondoka mwilini ndani ya saa moja hivi. Yanatokana na nyuzi za msuli zilizochanika kidogo kidogo kwa kazi zisiyoizoea, hasa ya kushusha mzigo. Mteja akishindwa kushuka ngazi, usijisifu. Mkojo wake ukiwa na rangi ya soda nyeusi, awahi hospitali, kwa sababu msuli uliovunjika unaweza kuziharibu figo.

Umechapisha kadi za biashara kabla hujaandaa fomu ya maswali? Andaa fomu leo. Uliza presha, kisukari, dawa, upasuaji, ujauzito. Ile hesabu ya 220 toa umri ni makadirio tu. Mama wa miaka 55 inampa mapigo 165 kwa dakika, lakini kama anatumia dawa ya presha ya aina ya beta-bloka, moyo wake umeshikwa breki na dawa hiyo. Kocha anayemfokea "Ongeza, Mama, bado hujafika!" anamsukuma pabaya. Mfundishe pia kutoa pumzi anapoinua chuma, kwa maana kuibana hupandisha presha ghafla.

Na siku mteja akikuambia, "Kocha, kifua kinanibana," usithubutu kumwambia ajikaze. Simamisha zoezi, mkalishe, na utafute usafiri wa hospitali papo hapo.