Barua ya Wazi kwa Walinzi wa Usingizi wa Pesa

Kwa Wakubwa mnaopitisha viza za wanafunzi,
Uingereza.



Sisi Wapare wa Same, Tanzania, wajomba, mashangazi na baba wadogo, tunawaandikia kwa unyenyekevu mkubwa. Tunao hapa vijana waliopata nafasi vyuoni kwenu wakakwama kwa sababu ya usingizi. Si wao waliosinzia. Ni pesa, ambayo haikulala benki siku 28 mfululizo.

Kanuni yenu tumeikariri. Tangu Novemba 2025, anayekwenda kusoma nje ya London aonyeshe pauni 1,171 za kujikimu kwa kila mwezi, kwa miezi tisa, na ada juu yake. Zikae kwenye akaunti yake au ya mzazi wake siku 28, zisipungue hata kwa usiku mmoja. Mjomba hatambuliki. Mjomba aliyemsomesha tangu kidato cha kwanza, aliyeuza mbuzi mtoto apate godoro la bweni, hatambuliki mpaka awe na karatasi ya kisheria inayosema ni mlezi. Lakini baba aliyetokomea mimba ikiwa changa, huyo mnamtambua, mradi jina lake limo kwenye cheti cha kuzaliwa.

Na mmejua kuchagua watu wa kuwadai waonyeshe pesa! Waulizeni watani zetu Wachagga, watawaambia kwamba Mpare hata mkewe hajui alichonacho mfukoni. Kwenu tu ndiko tunakojivua nguo.

Wazee wenu nao walitaka sana kujua tuna nini. Miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilituletea kodi ya mbiru, kila mtu akadiriwe kwa mali yake. Mwaka 1945 maelfu ya watu waliteremka milimani wakaja kukaa hapa hapa Same kuigomea, na mwishowe ikafutwa. Profesa Isaria Kimambo, Mpare mwenzetu aliyepata shahada yake ya uzamivu Marekani, aliiandikia kitabu kilichotoka 1971. Sisi hatuna mpango wa kugoma. Tuna ombi.

Tunaomba mtuletee afisa mmoja aje alale na hizo pesa. Apande basi Dar es Salaam alfajiri, ashuke stendi ya Same. Tutampandisha hadi Mamba Myamba kwenye tangawizi, kwenye baridi, maana huku tambarare joto litamfanya asinzie yeye na kuziacha pesa macho. Chumba tumekwisha kukifagia. Pesa zitakaa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, yeye juu yake, daftari mkononi. Jioni azihesabu, azitakie usiku mwema, aandike: zimelala. Asubuhi azihesabu tena kabla hajaletewa kiporo cha makande na chai.

Wiki ya kwanza haitakuwa na neno. Wiki ya pili tutapigiwa hodi usiku: kuna msiba kwa jirani, na jeneza halijanunuliwa. Hapo afisa ndiye atakayetoka nje na tochi kuwaeleza wafiwa kwamba sanduku limejaa, ila limelala, waje mwezi ujao. Wiki ya tatu kuna mjamzito wa kuteremshwa hospitali, gari la kukodi linadai chake kwanza. Atoke tena awaeleze. Akizoea, tutampa na zamu ya kuzungumza na mwalimu kuhusu michango ya wadogo zake huyu msomi. Akifikisha siku ya 28 bila kulifungua sanduku, tutamwandikia kwa mikono yetu kwamba pesa zimelala vizuri, na kwamba yeye, akifa kijijini kwetu, hatazikwa na mtu.

Kanuni yenu haipimi kama tunaweza kumsomesha mtoto. Pesa za kumsomesha tunazichanga, kikoba kwa kikoba, gunia kwa gunia, na kila muhula zinapatikana. Mnachopima ni kama tuna pesa isiyo na kazi. Huku pesa isiyo na kazi hatujawahi kukutana nayo.

Maombi mengine ni madogo. Kama mnapenda vitu vinavyolala, tangawizi hulala ardhini miezi minane hadi kumi. Pokeeni picha ya shamba badala ya karatasi ya benki. Kijana aliyefundishwa kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza asilipishwe tena mtihani wa kuonyesha kwamba anakijua. Zile pauni 776 za afya kwa mwaka, mzichukue baada ya kupiga chafya ya kwanza. Na mwenye nyumba anayetaka mdhamini mwenye kazi na makazi huko huko Uingereza, mtafutieni nyie, maana kwetu hakuna anayeishi huko.

Kijana wa Japani au wa Marekani haambatanishi karatasi hizi za benki anapoomba. Anazileta pale tu mtakapomwuliza. Pesa yake mnaiamini bila kuiona. Yetu mnaiona, mnaihesabu, mnaipiga muhuri, kisha mnamrudisha mtoto kwa sababu siku moja kati ya zile 28 shangazi yake alilazwa. Kama hamtutaki semeni, tuache kuuza ng'ombe kwa bei ya kutupa.

Tusameheni, wakubwa. Jua la Same ni kali.

Vyuo vyenu vinafungua Septemba. Tunaomba jibu kabla ya hapo, au afisa mwenyewe. Akija, chakula na kitanda ni juu yetu. Nauli ajilipie.

Wenu watiifu,
Wajomba wa Same